Shikamoo ya Jumatatu

Kwa heshima na taadhima, naujulisha ulimwengu kwamba mimi, Kheri, kiranja wa ukimya bwenini, ndiye ninayelinda ukaazi wa bibi yangu hapa Tanga. Kwa usahihi zaidi, najua kuigiza sauti ya kikongwe.

Kila mgeni mstaafu huripoti uhamiaji Jumatatu asubuhi kwa kukiamkia chombo cha kutambua sauti kilichopachikwa ukutani sebuleni. Bibi Mwanakombo, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Lamu, aligoma. "Nikiamkie kidude kilichozaliwa juzi? Kiniamkie chenyewe!"

Basi likizo nzima, yeye akiwa jikoni anakaanga mahamri, mimi nilikwaruza koo na kusema, "Shikamoo." Chombo kikajibu, "Marahaba, Bi Mwanakombo. Endelea kuishi nasi." Nilicheka hadi nikakaa chini.

Jana mama alituambia kwamba jirani yetu Mzee Asumani, Mngazija, amerudishwa kwao kwa kutoripoti. Leo Bibi alijitanda kanga, akasimama mbele ya ukuta.

"Shikamoo," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Sauti hii si ya mkazi," kikajibu. "Bi Mwanakombo yuko wapi?"

"Ni mimi, baba," Bibi akakibembeleza. "Ni mimi hapa."

"Maafisa wako njiani."

Bibi akanigeukia, akaniona nilivyoinamisha kichwa.

"Kheri, umefanya nini?"

"Nisamehe, Bibi," nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe. "Mimi ndiye niliyekuwa nikikiamkia."

"Tumekutambua, Bi Mwanakombo," chombo kikaniambia. "Usiogope. Huyo mgeni hakai."