Kwa Jina la Noreen

Kikombe kilipasukia ukutani, karibu kabisa na sikio la Noreen. Chai ikachuruzika juu ya maua ya karatasi ya ukutani.

"Imepoa!" Clifford Oddy alifoka. "Miaka thelathini na moja, chai tu inakushinda?"

Noreen alipangusa shavu, akamsogezea karatasi. "Na hapa chini pia, Cliff. Saini ni mbili."

Clifford akasaini. Ilikuwa Jumamosi mchana, tarehe tano Aprili, siku ya mwisho ya mwaka wa kodi, na kwake hiyo ilikuwa sikukuu kubwa kuliko Krismasi. Alikuwa na bucha mbili hapo mjini Barnsley, Uingereza, na mkono wa birika hasa. Katika kila pauni mia za juu alizopata, serikali ilikuwa ikichukua arobaini, na kila moja ilimuuma kuliko jino bovu.

Dawa aliipata Noreen, kwenye kijitabu cha maktaba. Kila mtu ana kiasi chake ambacho kodi haikigusi: pauni elfu ya kwanza ya pango, gawio dogo la hisa, riba ya akiba. Clifford alikuwa amemaliza vyake vyote. Vya Noreen, ambaye hakuwa na kazi wala pensheni, vilikuwa vimekaa bure.

"Basi hisa ziandike kwa jina langu," Noreen alimwambia mwaka juzi, nyuzi za daktari zikiwa bado mdomoni. "Mimi si mkeo?"

Clifford alicheka mpaka akakohoa. Mwanamke huyu, baada ya yote, alikuwa na faida!

Kwanza zikahama hisa. Mwaka jana ikahama nyumba yenyewe, na sababu ilikuwa gereji. Selwyn Pickles, fundi wa makufuli, alikuwa ameipanga kwa pauni themanini kwa mwezi. Kiasi chake Clifford alikuwa amekimaliza kwa chumba alichopangisha juu ya bucha, na ili pango la gereji lihesabiwe la Noreen, ilibidi nyumba iwe ya Noreen. Hapo akaokoa pauni mia tatu themanini na nne kwa mwaka. Alifurahi akamnunulia mkewe samaki na chipsi, na kabla hawajamaliza kula akamvunja kidole kwa sababu ya siki kuzidi.

Leo ilikuwa zamu ya akiba.

"Eti lazima iwe zawadi ya kweli, isiyo na masharti," alisoma kwenye ile karatasi, akabonyeza simu yake kwa kidole kinene kuihamisha akiba. "Zawadi! Mtu mwenyewe hana hata pa kwenda."

"Sina," Noreen alisema.

Simu ya Noreen ililia mfukoni mwa aproni: fedha zimeingia. Aliitazama, akairudisha, akakunja ile karatasi iliyosainiwa na kuitia mfukoni humo humo. Hakuokota vigae vya kikombe, na hilo Clifford aliliona. Siku zote aliviokota.

Aliinuka kwenda kuchukua bia. Pale koridoni, kando ya mlango wa mbele, akaliona sanduku la kahawia lililofungwa mikanda miwili, limevimba kwa nguo.

Hasira ikampanda kutoka miguuni.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote, Cliff."

Kofi la kwanza lilimpeleka kwenye sinki. La pili lilikuwa ngumi. "Nakuuliza, unakwenda wapi?"

"Siendi popote."

"Unanifanya mjinga! Ndani ya nyumba yangu!" Alimshika nywele akamburuta hadi koridoni, akambamiza kwenye misumari ya kutundikia makoti. Damu ilimtoka Noreen juu ya jicho, ikalifumba. Hakulia. Hilo nalo lilimtia Clifford wazimu, kwa sababu zamani alilia, na kilio kile ndicho kilichokuwa kikimtuliza. Akamkaba koo. Alikuwa ameamua: atamuua kabla hajavuka kizingiti kile.

Ndipo kekee ya umeme iliponguruma pale mlangoni.

Mlango ukafunguka. Selwyn Pickles alikuwa amepiga magoti kwenye baraza, kekee mkononi, vumbi la mbao likiwa limemjaa magotini.

"Kumbe ni huyu!" Clifford alimwachia mkewe. "Fundi wa vitasa! Nakupangisha gereji, na wewe unanichukulia mke?"

"Mimi pango langu la gereji namlipa mama hapa, bwana," Selwyn alisema taratibu, akiinuka. Alikuwa mtu wa kujaza mlango. "Na leo nimeitwa kazini."

Clifford alimrushia ngumi. Ilimpata taya, na Selwyn akapepesa macho tu. Kisha akarudisha moja, moja tu, na Clifford akajikuta ameketi sakafuni, pua imelala upande, ulimi ukipapasa kipande cha jino.

Jambo hilo lilikuwa halijawahi kumtokea. Wa kupigwa katika nyumba hii hakuwa yeye. Aligeuka kutafuta kitu dhaifu cha kumalizia hasira, akaliona sanduku.

"Hutoki na hata uzi!" alimpigia kelele Noreen. "Nguo zako zote nazichoma moto, utaondoka uchi!"

Akalipiga teke kwa nguvu zake zote. Mikanda ikakatika, kifuniko kikaruka. Zikamwagika sakafuni fulana zake za bucha, wembe wake, miwani yake ya kusomea, na skafu nyekundu ya timu yake.

Selwyn aliingiza ufunguo mpya kwenye kitasa kipya, akauzungusha mara mbili kuujaribu, akauchomoa na kumpa Noreen.

"Soksi za sufu nimekuwekea chini kabisa, Cliff," Noreen alisema, akijipangusa damu kwa aproni. "Huko nje bado kuna baridi."