Kipapatio cha Mwanahisa

Mwenyekiti wa kampuni alitangaza kwamba soko bado gumu, kwa hiyo mwaka huu tena hakuna gawio. "Wanahisa wenzangu, tuvute subira." Kisha kila mtu akapewa kofia na boksi la chakula.

Bi Sikudhani, mkunga mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake chote kwenye hisa hizo, akafungua lake. Kipapatio cha kuku kilichomo kilikuwa kinateleza na kunuka uvundo. Wenzake walikuwa wakila hivyo hivyo, kofia kichwani. Akainuka na boksi lake.

Alikwenda hadi meza kuu, akaisogeza kando sahani ya biriani ya mwenyekiti, akaweka boksi mbele yake.

"Anza wewe, baba. Sisi tunavuta subira."

Ukumbi mzima ukaacha kutafuna. Mwenyekiti akakitazama kipapatio, mkono kwenye tai.