Paja la Mbuzi Mzee

Kundi moja la mbuzi liliishi mlimani, na mkubwa wao alikuwa Mbuzi Mzee. Kila asubuhi bibi huyu aliamka amekakamaa, kwa kuwa uzee ulikuwa umekaza nyuzi zote zinazoshika minofu yake. Hakuweza kutembea mpaka ajinyooshe polepole, na kundi lote lilimngoja ndipo liende malishoni.

Beberu, kijana mwenye majivuno, alichoka kumngoja. "Bibi, mapaja yako yamekuwa kamba! Majani mazuri yanaliwa na wengine kwa sababu yako."

"Mapaja haya ndiyo yaliyompandisha mama yako mlimani, mjukuu wangu."

Mbuzi wengine walicheka tu. Kisha Chui akaja, akadai mbuzi mmoja, la sivyo angemaliza kundi lote. Beberu akajibu upesi, "Mchukue bibi. Hana faida." Hakuna aliyemtetea, hata mmoja!

Chui alimng'ata paja. Meno yakanasa kwenye zile nyuzi ngumu, akavuta kwa nguvu, jino likakatika. "Hii ni nyama au kamba?" akanguruma. "Nipeni laini! Nipeni yule mnene mwenye maneno mengi."

Beberu akakimbilia nyuma ya Mbuzi Mzee. "Bibi yangu, nifiche!"

"Leo ndiyo nimekuwa bibi yako?" Damu ilikuwa ikimtiririka, lakini hakusogea. Chui alilitazama lile paja, akalamba pengo lake, akaondoka.

Mbuzi Mzee akawageukia wenzake. "Kesho asubuhi mtaningoja ninyooke, nyote, na nisimsikie anayeguna."

Wakamngoja, na Beberu ndiye aliyekuwa kimya kuliko wote.