Mtambuzi wa Getini

Kila nyumba mtaani kwetu ina mtambuzi getini, ule mmea unaotambaa ukafunika ukuta kwa wiki moja tu, wenye maua mekundu makubwa kama visahani. Mtu wa nyumbani akikaribia, maua yanachanua. Mgeni akikaribia, yanajifumba, na geti halifunguki. Sheria ni hiyo, na watoto wanafundishwa tangu chekechea: sura hudanganya, ua halidanganyi.

Kumwagilia nilimwachia Sikudhani, dada wa kazi. Mimi natoka asubuhi, narudi jioni. Muda wa kushika ndoo niutoe wapi? Alikuwa akiumwagilia huku akiuimbia, na kusema kweli maua hayakuwahi kupendeza vile.

Jana jioni nilipofika, maua yalijifumba. Yote, toka chini hadi juu ya ukuta, kama macho ya mtu asiyetaka kukuona.

Nikacheka. Nikayagusa. Yakabana zaidi. Kumbe mmea humzoea anayeunywesha.

"Hodi!" nilisema, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. "Sikudhani! Fungua bwana, ni mimi!"

Binti yangu Nasra akachungulia kwenye upenyo wa geti. Aliyatazama maua kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Nasra, mwanangu, ni mimi, mama yako."

Akarudi nyuma taratibu, kama walivyomfundisha. Kisha nikamsikia akiita kuelekea jikoni, sauti ikimtetemeka:

"Mama! Kuna dada getini."