Wawili Wanaoshikana

Bi Mwanahawa ndiye aliyeiandika programu ya foleni ya zahanati. Jina lisiloshikwa na mstari wowote wa programu, wala na jina jingine, hufutika lenyewe.

"Bibi wee," Shaweji, mwenzake mgeni kazini, alicheka akisoma foleni, "huyu Kombo anamsubiri daktari tangu mwaka juzi! Anangojea chai? Mwachie, anajaza mashine bure."

"Namwachia, baba. Usinisukume."

Kombo alikuwa mumewe, na kwa daktari hakutoka hai.

Bi Mwanahawa akaufuta mstari uliomshika Kombo. Ila kwanza aliandika jina lake mwenyewe, limshike Kombo, na la Kombo limshike yeye. Ni kosa analowakanya wanafunzi wake wa kompyuta kila siku, maana majina yanayoshikana hayafutiki.

Jioni mabenchi yakabaki matupu. Kwenye skrini ya ukutani, wawili wakaendelea kusubiri.