Vidole Viwili

Bi Sikujua, mshona mashela ya maharusi, alizipenda rimu za inchi kumi na saba tangu alipoziona, ingawa kigari chake kilitoka kiwandani na za kumi na nne.

"Nimezifunga kukuridhisha tu, mama," alisema fundi Mbwambo. "Kati ya tairi na madigadi visipopita vidole viwili, nazifungua."

Akaingiza vyake, vinene kama mihogo. Vikakwama.

Bi Sikujua akachomeka vyake, vyembamba vya kushikia sindano. Vikapita, tena vikacheza!

"Hivi si viwili?"

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Bi Sikujua akawasha gari, akakata usukani wote kulia, wote kushoto. Matairi hayakukwaruza popote. Akaachia breki. Gereji nzima ikatega masikio, kigari kikilielekea tuta la kwanza.