Kaa, Pweza na Mlima wa Chini ya Bahari

Huko chini kabisa ya bahari, ambako jua halijawahi kufika, Pweza alijipa utawala wa mlima mzima. Aliweka sheria moja, tena ya kipuuzi: anayesema naye asimame wima bila kutikisika.

Siku moja Kaa alikuja mbio. "Mzee, mlima unataka kulipuka. Mwamba unawaka." Huku akisema, aliinua mguu huu, akaushusha, akainua ule.

Pweza, ambaye siku zote alielea na hakujua chini kukoje, alikasirika. "Unanichezea ngoma mimi? Na maji yote haya yaliyoulemea, mlima utalipukia wapi? Huna adabu. Ondoka."

Kaa akafukuzwa hadi bonde la baridi. Mara tu alipofika, mlima ukalipuka. Maji yakatokota, na mawe mekundu yakarushwa kila upande.

Pweza alimfuata bondeni, mikono yote minane imeungua. "Roho mbaya wewe," alifoka. "Ulijua, ukajiokoa peke yako." Aliweka mkono mmoja chini, akauinua kwa maumivu, akaweka mwingine, akauinua.

Kaa alimtazama.

"Simama vizuri kwanza, mzee," akasema, "ndipo useme."